Gari la Zamani Ladai Bolti Zake

Huenda nyumbani kwenu kijijini, nyuma ya banda la mbuzi au pembeni mwa migomba, limo gari la mzee ambalo halijatembea kwa miaka mingi. Kuku hutaga juu ya viti vyake, na watoto wakija likizo huligeuza kuwa basi la kwenda Mwanza. Kila mwisho wa mwaka ukoo unapokutana, ndugu mmoja hutoa hoja kwamba liuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine hujibu kwamba lifufuliwe. Na mjadala huahirishwa pale ndizi zinapotengwa mezani. Makala haya yanawahusu wale wanaotaka lifufuliwe. Lakini hatutazungumza juu ya injini wala rangi, mambo ambayo watu huyakimbilia kwanza. Tutazungumza juu ya bolti na nati.

Sababu yake ni hii. Injini iliyochoka hujitangaza yenyewe: hutoa moshi, hukohoa, hukataa kuwaka asubuhi. Rangi iliyobabuka humwonekania hata mtu asiyejua gari. Bolti isiyo yake haijitangazi. Hukaa mahali pake imekazwa, imefunikwa na grisi na vumbi, ikingoja mteremko.

Rubwera ni makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya Karagwe kugawanywa. Ni nchi ya vilima, migomba na mibuni, nao mto Kagera ndio unaoitenga na majirani zetu wa Rwanda na Uganda. Katika nchi ya namna hii, kabla ya magari ya Kijapani kuenea, Land Rover ilikuwa ndilo gari la bwana shamba, la mmisionari, la mkuu wa wilaya na la askari. Vita ya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin ilipopita mkoani Kagera, magari yalifanya kazi kupita kiasi; na miaka iliyofuata ikawa miaka ya uhaba wa kila kitu, vipuri vikiwa miongoni mwa vitu adimu kabisa. Fundi wa wakati ule alitumia alichokuwa nacho. Hapana wa kumlaumu. Alipokosa bolti ya Kiingereza alitafuta ya Kijapani, akailazimisha, gari likaondoka, kahawa ikafika ghalani. Walakini deni la bolti zile halikufutwa. Linadaiwa leo.

Hapo Rubwera tulikuta familia moja inayolilipa deni hilo. Mzee ni mkulima wa kahawa, mwenye umri unaopita miaka sabini. Gari ni Land Rover Series IIA, toleo lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971, ambalo alilinunua mnadani baada ya shirika moja la umma kulistaafisha. Limesimama juu ya magogo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kitinda mimba wake, ambaye ni fundi wa pikipiki, ndiye anayelifungua; na amekubali kusaidiwa na fundi mkongwe aliyejifunza kazi zamani katika gereji za Bukoba. Mwenye neno la mwisho, hata hivyo, ni mke wa mzee. Mama huyo alisema mbele ya wote: “Mimi sipandi mpaka nizione bolti zake kwa macho yangu.”

Ana haki ya kusema hivyo. Safari yao ya mwisho ndani ya gari lile iliishia shambani kwa jirani. Walikuwa wakiteremka na magunia mawili ya maharage, mzee akakanyaga breki, na kikanyagio kikazama mpaka sakafuni. Akalielekeza gari kwenye migomba, ambayo ni laini kuliko korongo lililokuwa upande wa pili. Hakuna aliyeumia. Kwa miaka yote hiyo waliamini kwamba ni mafuta ya breki yaliyokwisha.

Kijana alipofungua mabomba ya breki ndipo ukweli ulipoonekana. Kiungo kimoja cha shaba, ambapo bomba moja hugawanyika kuwa mawili, hakikuwa cha gari lile. Kilitolewa katika gari jingine, na tundu lake lilichongwa kwa nyuzi za milimita 10. Nati ya bomba ilikuwa ya asili, yaani ya inchi 3/8. Sasa inchi 3/8 ni milimita 9 na nusu na kidogo. Nati iliingia, ikazunguka, ikakaza, na mwenye spana akaridhika. Kumbe meno yaligusana kwa ncha tu. Siku mguu wa mzee ulipokanyaga kwa nguvu zote, ncha zile zikakatika.

MATAIFA MANNE CHINI YA GARI MOJA

Ili tuelewe jinsi jambo kama hilo linavyotokea, hapana budi turudi nyuma. Kabla ya mwaka 1841 kila karakana ya Uingereza ilikata nyuzi zake kwa namna yake, hata bolti ya karakana moja haikuingia katika nati ya karakana nyingine. Mwaka huo mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja, pembe ya meno ikiwa digrii 55. Nyuzi zake zilikuwa pana. Basi mwaka 1908 zikaongezwa nyembamba za jamaa hiyohiyo, zifaazo mahali penye mtikisiko, ambazo Waingereza huziita BSF. Marekani nayo ilikwisha shika njia yake ya digrii 60. Tofauti hiyo ilileta taabu kubwa katika Vita Kuu ya Pili, kwa maana bolti za washirika hao wawili hazikuweza kubadilishana katika vifaru na ndege. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana juu ya nyuzi za pamoja: UNF kwa nyuzi nyembamba na UNC kwa nyuzi pana, zote za digrii 60.

Mwaka huohuo wa 1948, mwezi Aprili, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Ilizaliwa basi na nyuzi za zamani, wakati nyuzi mpya ndizo zinakubaliwa. Toleo la Series II lilipotoka mwaka 1958, sehemu kubwa ya gari ilihamia kwenye UNF. Lakini kiwanda hakikutupa mitambo yake yote kwa siku moja. Ndiyo maana katika gari la mzee wetu wa Rubwera utakuta bodi na chasisi zimefungwa kwa UNF, baadhi ya sehemu za gia boksi kwa BSF, nati za magurudumu kwa BSF ya inchi 9/16, na vifaa vya umeme kwa vijibolti vya jamaa nyingine kabisa iitwayo BA, ambayo pembe yake ni digrii 47 na nusu. Ongeza juu yake bolti za milimita zilizoletwa na mafundi wa miaka ya taabu. Mataifa manne yamelala chini ya gari moja, na kila moja lina lugha yake.

Kwa macho, lugha hizo hufanana mno. Chukua bolti ya inchi 5/16, ambayo imejaa kila upande wa gari hilo. Kipenyo chake ni milimita 7.94. Bolti ya milimita 8, ile ya pikipiki na magari ya Kijapani, imeizidi kwa unene wa unywele mmoja tu. Lakini hesabu meno katika inchi moja: UNF ina meno 24, BSF ina 22, UNC na Whitworth zina 18, na ile ya milimita 8 ya kawaida ina 20 na ushei. Ukiitia bolti ya milimita katika tundu la UNF itaingia mizunguko miwili, kisha itashika. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huongeza bomba kwenye mkono wa spana. Bolti itaendelea kuingia, naam, lakini sasa inajichimbia njia kwa kula njia iliyokuwapo. Ugumu anaousikia mkononi anaudhani ni mkazo. Si mkazo, ni uharibifu.

Wapo wawili wadanganyifu kuliko huyo. UNC na Whitworth za 5/16 zote zina meno 18, hivyo huingiliana kwa vidole vitupu, ila pembe zao hazilingani, na mzigo huangukia ncha za meno. Na katika vijibolti vya umeme, BA namba 0 ina kipenyo cha milimita 6 na hatua ya milimita 1, sawa kabisa na bolti ndogo ya milimita 6. Tofauti iko katika pembe pekee. Kushika taa ya nyuma inaweza kutosha. Kwingineko nisingeithubutu.

Spana nazo zina fitina yake. Bolti ya UNF ya 5/16 ina kichwa cha milimita 12.7 kutoka bapa hadi bapa. Ya BSF yenye kipenyo hichohicho ina kichwa cha milimita 13.3. Ya milimita 8 mara nyingi ina kichwa cha milimita 13. Kwa hiyo spana namba 13, ambayo kila kijana wa gereji anayo, itapwaya katika ya kwanza na kuviringisha pembe zake, na katika ya pili haitaingia. Isitoshe, spana za Whitworth hazikuandikwa upana wa kichwa, bali kipenyo cha bolti. Mtu akiona 1/4 juu yake asidhani kwamba ndio upana wa mdomo wa spana. Katika mkanganyiko huu wengi hukimbilia ile spana ya kurekebishwa, ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuandikwa katika ukurasa wa familia. Ni chombo chema cha kufungulia bomba la maji. Kwa bolti iliyoshikwa na kutu ya miaka ishirini, ni adui.

BOLTI HUSOMWA KICHWANI

Kijana wa Rubwera, kama vijana wengi, alikuwa na dawa ya mkato. “Tutoboe yote kwa keekee, tutie milimita, mambo yaishe,” alisema. Fundi mkongwe, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akipiga mswaki bolti moja kwa mafuta ya dizeli, hakuinua uso. “Mwanangu,” akajibu, “ukitoboa leo, atakayekuja kesho atatoboa zaidi. Mwisho patabaki tundu, chuma hakuna.”

Badala ya kutoboa, alimfundisha kusoma. Nasi tulikaa kusikiliza.

Kwanza, alama za kichwani. Bolti nyingi za UNF zilizotengenezwa Uingereza zina kishimo cha mviringo juu ya kichwa, kama kisahani. Au zina viduara vilivyoshikana kama mnyororo kwenye bapa zake. Ukiona alama hizo, umekwisha ondoa BSF na Whitworth katika hesabu. Pili, nguvu ya chuma. Waingereza waliandika herufi, kama R au S, pamoja na jina la kiwanda, mathalani GKN. Wamarekani walichora mistari itokayo katikati: mitatu ni bolti ya nguvu, sita ni ya nguvu zaidi, bila mstari ni ya kawaida. Za milimita huandikwa 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza ya 8.8 inasema kwamba chuma hicho huvumilia karibu kilo 80 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Ya pili inasema kwamba huanza kunyooka na kutorudi kinapofika asilimia 80 ya uzito huo. Bolti isiyo na alama yoyote, hata iwe mpya na inang’aa, isipewe kazi ya usukani, breki, springi wala propela shafti.

Katika propela shafti ya gari lile, bolti moja ilikuwa ya namna hiyo, haina alama. Ilipotolewa ilikuwa imekonda shingoni kama mtu aliyeugua.

Tatu, kuhesabu meno. Kipo kifaa chake, mfano wa kisu cha kukunja chenye majani mengi membamba, kila jani na meno ya kipimo kimoja. Si ghali, na gereji isiyo nacho inafanya kazi gizani. Kama hunacho, tafuta bolti moja unayoijua kwa hakika, uilaze ubavuni mwa ile usiyoijua, meno kwa meno, kisha uziinue zote mbili kuelekea kwenye mwanga. Zikiwa ndugu, mwanga hautapita. Zikiwa si ndugu, baada ya meno machache zitaanza kupishana, na utauona mstari wa mwanga. Fundi mkongwe ana bolti nne alizozitunga katika waya kwa kazi hiyo, UNF, UNC, BSF na ya milimita 8, naye huzivaa kiunoni pamoja na funguo za nyumba yake.

Nne, kuijua iliyochoka. Twaa nati nzima ya nyuzi zilezile, uizungushe kwa vidole juu ya bolti kutoka ncha hadi mwisho wa nyuzi. Ikienda vizuri, kisha ikashika katikati, hapo bolti imenyooka kwa mzigo na meno yameachana. Haifai tena, hata kama haina kutu. Pini za miguu miwili, zile zinazopasuliwa nyuma ya nati, zisirudishwe kamwe; vivyo hivyo bolti za umbo la U zinazofunga springi, ambazo zikishafunguliwa ni heri zinunuliwe mpya.

Mwenye kitabu cha vipuri cha kiwanda ana bahati. Kitabu hicho hutaja kila bolti, hata washa, na baadhi ya namba za baadaye hujieleza zenyewe kwa mwenye kuzijua. Katika namba SH605051, kwa mfano, herufi SH ni bolti yenye nyuzi mpaka kichwani, 605 ni UNF ya inchi 5/16, na 05 ni urefu wa sehemu tano za nane za inchi. Ikianza na SH604 ni ya robo inchi. Ikiwa SH108 ni ya milimita 8. Mtu akiijua siri hii huweza kuagiza kwa simu bila kupeleka sampuli.

MAKOPO YA MAMA

Lakini kuagiza kutoka wapi? Duka la kawaida la vifaa litakuuzia bolti za milimita, na ukiomba ya inchi utapewa ile ya kufungia mabati. Wenye magari ya zamani wa Nairobi, ambao tangu mwaka 1970 wana mashindano yao ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa, hupekua barabara ya Kirinyaga. Wa Dar es Salaam huanzia Gerezani. Uingereza viko viwanda vidogo ambavyo bado vinakata nyuzi za BSF na UNF kwa ajili ya magari haya, na mzigo mdogo huweza kufika kwa posta. Kwa vitu vichache vya hatari kama viungo vya breki, hiyo ndiyo njia ya kufuata, wala bei isiangaliwe mara mbili. Kwa mamia ya bolti nyingine ingekuwa anasa.

Hapo ndipo mama wa Rubwera alipoingia kazini. Kwa miaka mingi mzee alikuwa akitupa kila bolti iliyotoka katika gari, pikipiki, baiskeli na mashine ya kukobolea kahawa ndani ya ndoo moja stoo. Mama aliimwaga ndoo ile juu ya mkeka, akawaita wajukuu, na kwa muda wa Jumamosi tatu wakazipanga katika makopo ya mafuta ya kupikia. Wajukuu walikabidhiwa bolti za mfano za yule fundi, wakaambiwa wazitazame kwenye mwanga. Tunawaarifu wasomaji wenye watoto wasiopenda hesabu kwamba msichana wa darasa la nne pale nyumbani hutofautisha meno 22 na 24 upesi kuliko baba yake mdogo. Katika ndoo hiyo zilipatikana bolti 61 za UNF zilizo nzima, na BSF chache, ambazo mzee alikuwa karibu kuziuza.

Kutu haikuwa kikwazo. Sukari ya Kagera hutengenezwa mkoani humohumo, na pale penye kiwanda cha sukari hapakosekani molasi. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, bolti zikalazwa humo wiki mbili, hutoka nyeusi na safi bila chuma chenyewe kuliwa kama kinavyoliwa na tindikali ya betri. Harufu yake ni mbaya, na ndoo iwekwe mbali na nyuki. Vipande vya alumini visitiwe, kwani huharibika.

Tahadhari mbili zaidi. Baadhi ya bolti za zamani zilipakwa kadimi, madini yenye sumu. Usizisugue kwa msasa mkavu wala kuzichoma moto, maana moshi wake hudhuru mapafu na figo. Na usivutwe na bolti zisizoshika kutu zinazong’aa kama fedha. Bodi ya Land Rover ni ya alumini. Ukiikutanisha na chuma cha namna hiyo penye unyevu, ni alumini itakayoliwa. Tena aina ya kawaida ya chuma hicho haifikii nguvu ya 8.8. Kiwanda kilitumia chuma kilichopakwa zinki, na kilikuwa na sababu.

Zilizokosekana kabisa zilikatwa upya katika mashine ya kukereza. Wako mafundi wa kukereza Bukoba na katika vyuo vya ufundi, na hawashindwi kukata meno 22 kwa inchi wakiambiwa waziwazi. Kosa hufanywa na mteja anayepeleka nondo ya ujenzi ikatwe kuwa bolti ya usukani. Peleka chuma kinachojulikana. Ekseli ya zamani ya lori ni bora mara nyingi kuliko nondo mpya. Na bolti ya kukerezwa nyumbani iende kwenye mlango, bampa, kiti au bodi. Ya usukani na breki inunuliwe iliyopimwa.

Si ajabu kazi hii kufanyika huku. Katika Karagwe, hata watawala walijihesabu kuwa watu wa chuma: katika mji wa Bweranyange, walikopokewa Speke na Grant na mfalme Rumanyika mwaka 1861, vilikuwapo vifaa vya kifalme vya chuma, nyundo na sanamu za ng’ombe, ambavyo hutajwa mpaka leo na wataalamu wa mambo ya kale. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao uliofanyika magharibi mwa Ziwa Viktoria, wakaonyesha kwamba wahunzi wa sehemu hizi walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Mhunzi wa wakati huo hakuwa na haja ya nyuzi. Lakini angemwelewa fundi mkongwe anapoipiga bolti kwa nyundo ndogo na kusikiliza inavyolia.

Ipo biashara moja inayotishia kazi hii, nayo ni ile ya vyuma chakavu. Hatuipingi, viwanda vyetu vinahitaji chuma, na mnunuzi anayepita na mizani yake anatafuta riziki. Ila gari bovu la zamani lina thamani kubwa kwa bolti zake kuliko kwa uzito wake. Gari la pili la aina ileile, lililokuwa limeoza kabisa katika kijiji jirani, lilimpatia mzee bolti nne za propela shafti zenye alama, vishikizo vya bawaba za milango na nati tatu za magurudumu. Alilikuta siku mbili kabla ya wenye mizani. Kama nyumbani kwenu limeamuliwa liuzwe, basi kabla halijapakiwa kaeni nalo siku moja na spana zinazolitosha, mkatoe kila kinachofunguka, mkitie katika makopo yenye majina. Kilo zitakazopungua kwenye mizani hazitafika bei ya chakula cha mchana.

Kijana naye hakushindwa katika kila jambo. Pale ambapo mafundi wa zamani walikwisha kula nyuzi za asili pasipoweza kurudishwa, katika mabano mawili ya bodi, fundi mkongwe alimruhusu atoboe na kutia milimita 8 zenye alama ya 8.8. Sharti lilikuwa moja: kila moja ipakwe tone la rangi nyekundu kichwani, ili atakayelifungua gari hili baadaye asidanganyike.

Hadi tunaandika makala haya, kiungo cha breki chenye nyuzi sahihi kimefika kutoka Uingereza na kimefungwa. Mama amekikagua kwa tochi, akaikabidhi nati yake kwa mjukuu aihesabu meno kabla ya kukazwa. Bolti zote nne za propela shafti zimepatikana. Zinazokosekana ni nati mbili za gurudumu za BSF, inchi 9/16, meno 16. Mzee hataki kusikia habari ya kulishusha gari kwenye magogo likiwa na nati tatu upande mmoja.

Kwa sasa mama angali anakwenda sokoni kwa pikipiki.